Waraka wa Miezi Saba

Umma unatangaziwa kwamba ubaguzi katika Kampuni ya Udobi ulikomeshwa rasmi siku ya Jumatatu, mara baada ya chai ya saa nne. Kabla ya hapo ulikuwepo kidogo, kama unavyokuwepo mahali popote penye watu na bosi. Baada ya hapo haukuwepo tena, na yeyote aliyedai kuuona alitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini anaona vitu ambavyo uongozi umekwisha kuvikomesha.

Aliyeukomesha ni Afisa Utumishi, mtu wa tai na shati la mikono mirefu hata jua likiwa la utosi. Wafanyakazi walimwita Kifungu, kwa sababu hakuweza kukuomba chumvi bila kutaja kifungu cha kanuni kinachomruhusu kuomba. Alikuwa ametoka kwenye semina ya siku tatu juu ya sheria ya ubaguzi kazini. Alirudi na begi, kofia, kalamu mbili na cheti, na juu ya yote hayo alirudi na uelewa.

Uelewa wenyewe aliupata mapema. Asubuhi ya siku ya kwanza mtoa mada alisema kwamba mfanyakazi asitendewe vibaya kwa sababu ya jinsia yake, umri wake, dini yake, ulemavu wake au ujauzito wake. Kifungu akaandika: watu wote sawasawa. Akaona hapo sheria imekwisha, kilichobaki ni porojo. Siku ya pili, ilipoelezwa kwamba kuna wakati kumtendea mtu sawa na mwenzake ndiko hasa kumbagua, yeye alikuwa chini kwenye foleni ya mabegi. Siku ya tatu, mada ikiwa ni kinga za mjamzito kazini, alikuwa bustanini anapigwa picha na begi. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana, na kwa kweli hakuna aliyemwambia.

Utekelezaji ulianza na buti. Kampuni ilifua shuka na taulo za hoteli na hospitali, sakafu ilikuwa imelowa kutwa, kwa hiyo kila mtu alivaa buti za mpira. Kifungu aligundua, kwa masikitiko makubwa, kwamba miaka yote hiyo kampuni ilikuwa ikigawa buti kwa kuangalia maumbile ya miguu ya watu. Akaagiza saizi nane kwa wote. Mpanga taulo, binti mwenye miguu midogo kama ya mtoto, akawa anatangulia yeye ndipo buti zinamfuata. Mzee wa Boila, mtunza tangi la mvuke, mwenye mguu wa saizi kumi na moja, akakata ncha za buti zake kwa kisu.

"Sasa vidole vyangu viko nje," Mzee wa Boila alilalamika.

"Vyote kumi?"

"Vyote."

"Basi hakuna kidole kilichobaguliwa," alisema Kifungu, akampa onyo la kuharibu mali ya kampuni.

Katikati ya mafanikio hayo ndipo ikazuka habari ya stuli.

Bi Mvuke alikuwa mpiga pasi, na si wa kubahatisha. Shuka ikipita mikononi mwake ilinyooka kama maji yaliyotulia kwenye beseni. Alikuwa pia mdogo wa mke wa Kifungu, baba mmoja mama mmoja, na kazi hiyo alitafutiwa na Kifungu mwenyewe, zamani, kabla usawa haujaingia. Sasa alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa nyumbani bila kibarua, na mshahara wa pasi ndio uliokuwa ukiwasha jiko. Pasi ya mvuke nayo hupigwa kwa kusimama, kutoka kengele ya asubuhi hadi ya jioni, joto likikupanda usoni kama uliyeinamia sufuria.

"Shemeji," alisema, mkono kiunoni, "naomba stuli tu. Hata ile mbovu ya stoo."

Kifungu aliangalia huku na huku. "Kazini hakuna shemeji. Kuna Mwajiriwa, Kitengo cha Pasi."

"Haya. Mwajiriwa wa Kitengo cha Pasi miguu imemvimba. Anaomba stuli."

"Nikikupa wewe, nitakuwa nimewabagua wasio na mimba."

"Wape na wao."

"Wote wakikaa, itajulikanaje kwamba wako kazini?"

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo utasimama, kwa haki sawa na wenzako."

Bi Mvuke alimtazama kuanzia kwenye tai akashuka naye mpaka chini. "Dada yangu alipokuchagua wewe," alisema, "nadhani umeme ulikuwa umekatika." Akarudi kwenye meza yake, akasimama kwa haki sawa.

Habari haikuchelewa kumfikia Mkurugenzi, mwenye kampuni, mwenye kiti cha kuzunguka, na mtu aliyelipenda sana neno tija. Wakati huo alikuwa anawinda mkataba wa hoteli mpya ya ghorofa nyingi. Hoteli ilikuwa na sharti moja la ajabu: haifui shuka zake kwa mtu asiye na Cheti cha Usawa kutoka Ofisi ya Kazi. Mkurugenzi alimwita Kifungu, akamfungia mlango.

"Huyo mwanamke wa pasi, likizo yake ya uzazi itaangukia lini?"

"Mwezi ujao, Mheshimiwa."

"Ndipo shuka za hoteli zitakapoanza kuingia. Nilipe mtu aliyelala kwake? Mtafutie namna."

"Mheshimiwa, sheria inakataza kumfukuza mtu kwa ujauzito."

"Umenisikia nikitaja ujauzito? Mimi nimesema namna."

Namna ilipatikana kabla ya chakula cha mchana. Kifungu alilinganisha shuka za Bi Mvuke na za wenzake, akakuta zimepungua tangu tumbo lilipoanza kumtenga na meza. Akamwandikia barua: mwisho wa wiki awe ameondoka, kwa sababu za tija. Akampelekea mwenyewe, kwa mkono, maana aliamini kiongozi hakimbii majukumu.

"Unanifukuza kwa sababu nina mimba," alisema Bi Mvuke.

"Hapana. Nakufukuza kwa sababu ya shuka chache."

"Shuka zimekuwa chache kwa nini?"

"Kwa sababu ya mimba."

"Ehe."

"Lakini hayo ni mambo mawili tofauti. Shuka ni suala la kampuni. Mimba ni suala lako na mumeo. Kampuni haiwezi kuingilia faragha yako."

Bi Mvuke hakulia mbele yake. Alikunja barua kama anavyokunja shuka, pembe kwa pembe, akaitia kifuani. Kifungu alijisikia vibaya kidogo, akajikumbusha kwamba kujisikia vibaya kwa ajili ya shemeji ni upendeleo wa kindugu, akaacha.

Nyumbani jioni mkewe alipika chakula cha mtu mmoja, akakila akimtazama.

"Mdogo wangu atajifungulia kwenye nyumba isiyo na mkate," alisema. "Na aliyeuondoa huo mkate analala kitandani kwangu."

"Mke wangu, ni sheria."

"Sheria gani? Ile ya kwenye begi?"

Kesho yake Bi Mvuke alipitia Ofisi ya Kazi kabla ya kuja kazini, na saa tano Afisa Kazi akaja naye. Alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Aliwakuta Mkurugenzi na Kifungu, akasoma ile barua ya tija, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka kitu kinachonuka.

"Naomba nieleze mara moja tu," alisema. "Mjamzito hafukuzwi kwa mimba yake, wala kwa lolote linaloletwa na mimba yake. Kama shuka zimepungua kwa sababu ya tumbo, hiyo ni mimba, msinizungushe. Mnampunguzia kazi, mnampa pa kukaa, hanyanyui kitu kizito. Anakwenda likizo kwa mshahara wake, anarudi anakuta nafasi yake. Na mkibisha, si yeye wa kuthibitisha kwamba mmembagua. Ni ninyi mtakaothibitisha kwamba hamkumbagua. Hizi ni kinga za wajawazito wote. Nimeeleweka?"

"Barabara," alisema Kifungu, akaandika: wajawazito wote.

"Nitarudi Jumatano. Nitakuja na Cheti cha Usawa au na wito wa kwenda baraza la kesi za kazi. Chagueni."

Alipoondoka, Mkurugenzi alizunguka na kiti chake mara kadhaa. Yalikuwa yamemfika shingoni. Akimlinda Bi Mvuke, atalipa likizo. Asipomlinda, hoteli inakwenda kwa dobi mwingine. Ni katika mizunguko hiyo ndipo akili ya Kifungu, iliyolelewa na kanuni na kukuzwa na semina, ilipotoa tunda lake.

"Mheshimiwa," alisema, "tatizo letu ni kwamba mjamzito ni mmoja."

"Ulitaka wawe wangapi?"

"Wote."

Mkurugenzi akaacha kuzunguka.

"Tukisema wafanyakazi wote ni wajawazito, hakuna tena tofauti. Wewe ukimfukuza mmoja kwa tija, nani atasema umemfukuza kwa mimba? Wajawazito wenzake thelathini na saba watakuwa kazini, wake kwa waume, hakuna aliyewagusa. Atakuwa amefukuzwa kwa shuka tupu."

Mkurugenzi alicheka mpaka akafuta machozi kwa tai. "Kifungu, wewe ni mtu wa hatari."

"Nilikwenda semina, Mheshimiwa."

Waraka Namba Saba uliandikwa papo hapo. Ulitamka kwamba kuanzia Jumatatu wafanyakazi wote wa kampuni, bila kujali jinsia, umri wala umbo, wanatambuliwa kuwa wajawazito wa miezi saba, wenye haki na kinga zote za wajawazito, pamoja na yeyote atakayeajiriwa baadaye, kuanzia siku ya kuajiriwa. Miezi saba, kwa sababu Bi Mvuke alikuwa na saba, na kumpa mwingine sita kungekuwa kumwonea. Wa baadaye, kwa sababu kumbagua mtu ambaye hata hujamwajiri ni ubaguzi wa hali ya juu. Mkurugenzi aliusoma, akachukua kalamu, na pale penye "wote" akaongeza kwa mkono wake: "isipokuwa Mkurugenzi."

"Mtu wa hoteli anakuja kutia saini," alieleza. "Siwezi kumpa mkono nikiwa na miezi saba."

Kifungu mwenyewe, akiwa mwajiriwa, hakuwa na pa kutokea. Aliipokea mimba kama alivyopokea majukumu mengine.

Jumatatu waraka ulisomwa mbele ya mashine za kufulia. Mzee wa Boila, ambaye alibakiza miaka miwili astaafu, alinyoosha mkono.

"Miezi saba, mkuu? Mbona sijapata hata kichefuchefu?"

"Kila mimba na tabia yake, mzee," mpanga taulo alimliwaza.

"Sawa, lakini baba yake ni nani?"

Kifungu aliangalia waraka. Swali halikuwa limetarajiwa. "Uongozi," alijibu.

"Ndiyo maana," alisema Mzee wa Boila, "nilihisi muda mrefu kwamba uongozi unanifanyia kitu."

Walicheka mpaka mlinzi akaja kutoka getini kuuliza kama na yake imehesabiwa. Bi Mvuke peke yake hakucheka. Aliuelewa mtego kabla haujamaliza kusomwa, na kweli, jioni ile ile barua yake ililetwa tena ikiwa na tarehe mpya na sababu zile zile: shuka chache, tija. Alikaa juu ya furushi la taulo, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, akaogopa sana. Chumba cha kupanga hakingojei, na mtoto haahirishwi.

Jumatano Afisa Kazi alirudi. Kifungu alimkabidhi waraka kwa mikono miwili. Yule mama aliusoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la mtandio wake, akaivaa, akausoma tena.

"Umesainiwa na nani?"

"Na Mkurugenzi mwenyewe. Na muhuri."

"Vizuri sana."

Kifungu alivimba kwa fahari. Mkurugenzi alitabasamu kama aliyekwisha lala na kuamkia hotelini.

"Sheria," alisema Afisa Kazi kwa sauti ile ile ya kubembeleza mtoto, "inaweka kiwango cha chini tu. Mwajiri akitaka kutoa zaidi, hakatazwi. Ila akishatoa, imekuwa haki ya mfanyakazi, na hainyang'anywi mpaka mfanyakazi mwenyewe akubali. Hii kampuni ina moyo. Sijapata kuona." Akageuka. "Sasa, hii barua ya kumfukuza huyu mama. Juzi mlikuwa na mjamzito mmoja msiyeweza kumfukuza. Leo mnao thelathini na nane. Hesabu imepanda, sheria haijashuka. Barua hii imekufa."

Akaichana vipande viwili, akavitia kwenye mkoba wake ili asichafue sakafu. Bi Mvuke alishusha pumzi ambayo nadhani aliibana tangu wiki iliyopita, akalia waziwazi, na mpanga taulo akalia naye ingawa hakuombwa.

"Stuli ziko wapi?" aliuliza Afisa Kazi.

"Stuli ya Bi Mvuke?" aliuliza Kifungu.

"Stuli za wajawazito. Zije leo, thelathini na nane. Na yale mafurushi pale yanabebwa na nani? Mjamzito habebi kitu kizito." Kidole chake kikatembea juu ya waraka mpaka kwenye yale maneno mawili ya kalamu. "Aha. Yupo mmoja ambaye hana."

Hivyo ndivyo Mkurugenzi alivyopewa Cheti cha Usawa, na hivyo ndivyo alivyoanza kubeba mafurushi. Angegoma, lakini mtu wa hoteli aliingia siku hiyo hiyo, akakuta kampuni nzima imeketi, wanaume wamejishika viuno, na mwenye kampuni anabeba mzigo mgongoni. Akasema miaka yote ya kazi yake hajaona uongozi wa namna hiyo. Akatia saini palepale, kwa sharti kwamba nyaraka zote za usawa zilizopo zidumu kwa muda wote wa mkataba.

"Ufute huu waraka," Mkurugenzi alimwambia Kifungu mlango ulipofungwa.

"Maji yamekwisha mwagika, Mheshimiwa. Hoteli haitaki, na wafanyakazi wasipokubali haufutiki. Niliwauliza. Wamekataa wote, na Mzee wa Boila amesema ameshaanza kuizoea." Kifungu alishusha sauti. "Tena kuwatoa mimba watu thelathini na nane kwa tamko moja, hapo tunatoka kwenye sheria ya kazi. Tunaingia polisi."

Waraka ulimfikia mke wa Kifungu kupitia kwa mdogo wake. Alimngoja mlangoni.

"Simama nikuone. Saba?"

"Kwa mujibu wa waraka," alisema Kifungu.

Mkewe alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Halafu kicheko kikamwisha. "Mimi wanne nimekubebea. Wa tatu akiwa tumboni nilikufulia mashati yako nimesimama uani, miguu imejaa kama mito, ukaja ukaniambia kola haijatakata."

Kifungu alitafuta kifungu, hakukipata. Aliona aibu, aibu halisi, isiyo na kanuni wala utaratibu wa rufaa. Alivua tai, akaenda kuosha vyombo mpaka vikaisha.

Mwezi mmoja baadaye, kwa kuwa wote walikuwa na miezi saba siku moja, wote wakafikisha minane siku moja. Likizo ya uzazi huanza hapo. Ijumaa jioni waliagana getini, wakiombeana salama. Bi Mvuke alitoka wa mwisho, mkono wa dada yake kwenye kiwiko, akitembea pole pole kwa ile hatua ambayo wenzake wote walikuwa wakiiigiza.

Mkurugenzi hakukata tamaa. Aliajiri vibarua vijana wenye misuli. Waliingia saa moja asubuhi, na kwa mujibu wa waraka saa moja na dakika moja walikuwa na miezi saba. Kabla ya chai mmoja aliomba stuli na mwingine akasema harufu ya sabuni inamkataa. Akawaacha wamekaa, akayavamia mafurushi ya hoteli mwenyewe.

Asiyewahi kukunja shuka ya kitanda cha wawili akiwa peke yake hajui upweke. Mkurugenzi alishika ncha mbili kwa mikono na ya tatu kwa meno, ya nne ikadeki sakafu. Aliunguza suruali yake. Alisimama kutoka kengele hadi kengele, na kengele alizipiga yeye. Wiki ya tano miguu ilikuwa haiingii kwenye viatu, akavaa buti za saizi nane, nazo zikambana. Alipotaka kukaa, vibarua walimkumbusha kwa heshima kwamba stuli zile zimehesabiwa.

Ndipo alipokwenda kwa Kifungu. Alimkuta barazani, bila tai, akichambua mchele kwenye ungo.

"Niingize kwenye waraka," alisema bila salamu.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Niko likizo ya uzazi. Kunisumbua ni kosa."

"Kifungu, nakufa! Kila mtu mle ndani ana pa kukaa isipokuwa mimi. Kila mtu ana likizo isipokuwa mimi. Nabebeshwa mizigo yote mimi. Kwa sababu gani? Kwa sababu sina mimba tu!"

Ungo ukaacha kutikisika. Kitu cha zamani kilimwamka Kifungu kifuani, lakini safari hii kilikuja na huruma.

"Mheshimiwa," alisema, "hicho unachosema ndicho kinachoitwa kubaguliwa."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Sheria inakulinda. Twende, nitakusindikiza."

"Mchimba kisima," mkewe alisema kutoka ndani, hakumalizia, maana hakukuwa na haja.

Ofisi ya Kazi ilijaa. Benchi lilikuwa moja, na juu yake palibandikwa karatasi: Wajawazito na Wanaonyonyesha. Bi Mvuke alikuwa amekaa hapo, binti yake wa siku chache amelala begani, kalegea kwa shibe. Alileta hati ya kuzaliwa ili malipo ya likizo yake yaendelee. Mkurugenzi alisimama mbele yake kwenye foleni, mguu mmoja ukipumzika juu ya mwingine. Bi Mvuke aliitazama ile miguu kwa muda.

"Pole, baba," alisema. "Ya kwanza huwa inasumbua."

Zamu ilipofika Mkurugenzi aliegemea meza. Afisa Kazi alichukua kalamu bila kuinua macho.

"Lalamiko?"

"Nimebaguliwa kazini."

"Kwa msingi gani? Jinsia, umri, dini, ulemavu?"

"Kwa kutokuwa na mimba."

Yule mama aliandika hivyo hivyo, herufi kwa herufi. "Jina la mwajiri aliyekubagua?"

Feni ilizunguka juu. Mkurugenzi alimgeukia Kifungu, na Kifungu akaangalia dari, maana hakuna mafunzo aliyopewa juu ya hilo.

"Ni mimi," alisema Mkurugenzi.

"Sema kwa sauti, watu wanasikiliza."

"Ni mimi!"

"Vizuri. Tunaanza na usuluhishi. Pande zote mbili zifike Alhamisi, na kila upande uje na mashahidi wake. Tena umkumbushe mwajiri wako kwamba mzigo ni wake. Yeye ndiye atakayethibitisha kwamba hakukubagua."

"Na nikishinda?"

"Atakulipa fidia."

"Nani?"

"Mwajiri wako."

"Na nikishindwa?"

Afisa Kazi aligonga muhuri, akampa karatasi yake. "Utarudi kazini, mwanangu. Nasikia shuka ni nyingi. Anayefuata!"